Mguso wa Pili

Mama yake alipofungua sanduku la bati na kuanza kutoa vitu vya posa kimoja kimoja, Modesta alijua mambo yameharibika. Posa haitolewi sandukuni ili ipigwe jua. Lilitoka blanketi la kijivu ambalo Kristian alilileta mwezi wa nne. Ikatoka doti ya kanga ya mama, haijakatwa hata pindo. Mwisho ikatoka barua yenyewe, bado imo ndani ya bahasha yake yenye ua pembeni.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafanya nilichoambiwa." Mama Evelina alikuwa anaongea na blanketi, si na binti yake. "Baba yako kasema Mzee Mathayo akija na huyo kijana, avikute mezani."

"Na wewe umekubali tu?"

"Modesta, huu ni usiku wa pili nalala na mtu asiyesema. Usiniulize nimekubali nini."

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, katikati ya Julai, mwezi ambao kijiji chao cha juu ya Bungu hakiwezi hata kukausha nguo. Ukungu ulikuwa umeshaifunika mikaratusi na sasa ulikuwa unaingia jikoni bila hodi. Kesho yake kanisani mchungaji alikuwa asome tangazo la tatu. Mawili ya kwanza yalishapita salama: Kristian Singano wa Magoma na Modesta Timotheo Shemhilu wa hapa hapa, mwenye pingamizi ajitokeze. Jumapili zote mbili watu waligeuka kumtazama, naye akaficha uso nyuma ya kitabu cha nyimbo huku anacheka peke yake. Harusi ilikuwa Septemba. Gauni lilikuwa kwa fundi. Jamani, mtu ukishafika tangazo la pili, si unajihesabu umeolewa?

Kisha ikaja Alhamisi.

Habari yenyewe ilianzia kwenye mashine. Kwa miaka thelathini na moja baba yake, Mzee Timotheo, alikuwa ndiye pua ya kiwanda cha chai. Majani yakishanyauka na kusagwa, huachwa yachachuke kabla ya kukaushwa, na mtu wa kusema yamefika alikuwa yeye. Anachota konzi moja, anaikamua, anainusa. Yakinuka nyasi mbichi, anasema "bado." Yakinuka peasi lililoiva, anasema "toa." Hakuvaa saa, wala hakuwa na haja nayo. Mameneja walikuja wakaondoka, na kila mmoja alimkuta pale amesimama na mkono wake puani.

Lakini wanunuzi wa siku hizi wanataka chai ya wiki hii ifanane na ya wiki ijayo kama pacha. Ikaletwa mashine ndefu yenye kioo cha kugusa, na kwenye ubao wa matangazo ikabandikwa karatasi: wafanyakazi wote wa kitengo cha kuchachusha watafundishwa upya kwa wiki tatu. Atakayefaulu atabaki. Asiyefaulu atapangiwa palizi, au aende nyumbani. Mwalimu alikuwa fundi aliyepelekwa Mufindi miezi miwili kujifunza mashine hiyo, na fundi huyo, Mungu naye ana utani wake, alikuwa Kristian.

Sasa wewe fikiria. Umeshapeleka posa, umeshapokelewa, halafu Jumatatu asubuhi unaingia darasani unamkuta baba mkwe wako amekaa kwenye benchi, daftari mapajani, kalamu mkononi, anakusubiri umfundishe.

Tena Kristian alikuwa ameshaungua kwa moto huohuo. Siku ile ya kwanza alipokuja kujitambulisha, redio ya mzee iligoma, naye kwa ufundi wake akasema mbele ya wageni, "Baba, betri umeziweka kinyume." Mzee Timotheo aliizima redio, akainuka, akatoka nje, na hakurudi mpaka wageni walipoondoka. Ilimchukua mshenga wao, Mzee Mathayo, wiki mbili za kupanda na kushuka mlima kuliponya jambo hilo. "Kijana," alimwambia Kristian, "mkwe hakosolewi. Mkwe akisema jua ni la bluu, wewe tafuta koti la bluu uvae."

Kristian akavaa.

Taa ya njano ikiwaka kwenye ile mashine, unagusa kioo mara mbili. Mguso wa kwanza unasema umeona. Wa pili unaiamuru isukume chai kwenda kukaushwa. Mzee Timotheo aligusa mara moja, akarudisha mikono mgongoni, akasimama wima kama mtu anayepigwa picha. Wengine wakikosea, Kristian aliwaita kwa majina na kuwarudisha mwanzo. Kwa mkwe wake alisogea taratibu nyuma yake, akanyoosha mkono, akagusa mara ya pili kwa niaba yake. Mzee hakuona. Kila siku hakuona.

"Mwambie wewe," Kristian alimsihi Modesta wiki ile, wamesimama chini ya miti ya miwati nyuma ya ghala. Modesta alikuwa kitengo cha kufungasha na kioo chake alikuwa ameshakijua, kwa kuwa alifundishwa pamoja na kundi la kwanza. "Wewe ni mwanawe. Mimi siwezi, mpenzi wangu. Ulimi wenyewe unakataa."

"Nitamwambia leo," Modesta aliahidi.

Na jioni ile alikusudia kweli. Lakini baba yake aliingia na daftari lake alilolivika gazeti, akakaa karibu na moto, akatabasamu, yeye ambaye kutabasamu kwake ni mpaka Krismasi. "Leo wamekosolewa wote," alisema. "Hata huyo Lightness aliyemaliza kidato cha sita. Mimi sijakosolewa hata neno. Wanasema mzee hafundishiki!" Modesta akayameza maneno yake pamoja na chai. Kesho yake akayameza tena. Wiki ya tatu Kristian akatia saini: Timotheo Shemhilu, amefaulu.

Alhamisi, Kristian aliitwa kwenye tanuru lililogoma. Taa ya njano ikawaka. Mzee Timotheo akagusa mara moja, akarudisha mikono mgongoni. Chai ya siku nzima, jasho la wachumaji wa mlima mzima, ikabaki palepale ikichachuka mpaka ikapitiliza. Kristian alipofika mbio, kijiji chote kilikuwa kinanuka siki. Waliimwaga bondeni. Na kabla king'ora cha kutoka hakijalia, langoni mzee alikuwa ameshapewa jina jipya: Kidole Kimoja.

* * *

"Hodi wenyewe!"

Mzee Mathayo aliingia kwanza, kofia mkononi. Nyuma yake Kristian, kijana mrefu mwenye mabega yaliyozoea kuinamia injini, viatu vyote matope. Macho yake yalimtafuta Modesta, yakampata kwenye mlango wa jikoni, yakaanguka chini upesi. Alikuwa hajanyoa. Modesta akatamani amkimbilie amfute ukungu usoni, mbele ya baba, mbele ya mshenga, liwalo na liwe. Hakufanya hivyo.

"Shikamoo baba," alisema Kristian.

"Marahaba. Kaeni."

Wakakaa. Posa ilikuwa mezani katikati yao, na hakuna aliyejifanya haioni. Mzee Mathayo akakohoa, akaanza kama mshenga anavyopaswa kuanza. "Mzee mwenzangu, wahenga walisema..."

"Mathayo, leo sitaki wahenga," alisema Mzee Timotheo. "Wala sitaki uniletee maneno ya huyu kijana. Nataka anijibu mwenyewe."

"Lakini desturi..."

"Desturi naijua. Kristian."

"Naam, baba."

"Sikuulizi kama mkwe. Nakuuliza kama mwalimu wangu. Ule mtihani, nilifaulu?"

Kristian alitazama sakafu. Jikoni sufuria ilichemka mpaka ikamwagika, na Mama Evelina hakuigusa.

"Nakuuliza, mwalimu. Nilifaulu?"

"Hapana, baba. Hukufaulu."

"Nilikosea nini?"

"Mguso wa pili."

"Siku ngapi nilikosea?"

Modesta aliomba moyoni aseme mbili. Aseme tatu.

"Siku zote, baba."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesomewa matokeo ya hospitali ambayo ameshayahisi. "Na huo wa pili alikuwa anaugusa nani?"

"Mimi."

"Nyuma yangu."

"Nyuma yako, baba. Nisamehe. Nilishindwa kukukosoa mbele za watu. Wewe ni baba yangu."

"Mimi nilikuwa nasimama pale nimevimba," alisema mzee, na sauti yake haikupanda hata kidogo, heri ingepanda. "Nilikuja nyumbani nikamwambia mke wangu, nikamwambia binti yangu, mimi sikosei. Kumbe naongozwa mkono kama mtoto anayejifunza kutembea. Ungenitukana, Kristian. Ungeniambia mzee wewe huwezi, nenda kapalilie. Ningekasirika siku mbili, ya tatu ningekuomba unionyeshe tena. Wewe ukanihurumia."

"Nilikuheshimu, baba."

"Heshima gani hiyo inayomvua mtu nguo?" Akaikunjua mikono yake mikubwa juu ya meza, vidole vyeusi kwa miaka ya utomvu wa chai. "Unajua kilichoniuma zaidi? Alhamisi pua yangu iliniambia. Nilisikia peasi. Baadaye nikasikia peasi bovu. Nikasema hapana Timotheo, wewe sasa umefundishwa, umefaulu, amini kioo. Nikaibana pua yangu mwenyewe kama mwongo. Mmeniondolea nilichokuwa nacho, na hicho kingine hamkunipa."

Mzee Mathayo aliizungusha kofia yake mapajani.

"La mwisho," alisema mzee. "Humu ndani mwangu, kuna aliyekuwa anajua?"

Kristian aliinua kichwa, na kwa kufumba na kufumbua macho yake yakakutana na ya Modesta. Modesta aliona humo ndani miwati nyuma ya ghala, na ahadi yake, na jioni zote alizonyamaza.

"Hapana, baba," alisema Kristian. "Nilijua peke yangu."

Sema, Modesta. Sema sasa. Alifungua mdomo. Pumzi ikatoka, neno halikutoka.

"Basi." Mzee Timotheo alilisukuma blanketi kuelekea kwa mshenga. "Kesho mchungaji akiuliza mwenye pingamizi, mimi nitasimama. Simtoi binti yangu kwa mtu anayenificha ukweli kwa ajili ya faida yangu. Kesho kutwa atamficha na yeye."

"Sibebi kitu," alisema Mzee Mathayo, akaivaa kofia yake kichwani kwa hasira. "Mpaka kesho litakaposomwa, mimi bado ni mshenga. Nimeupanda mlima huu mara nyingi mno kuja kubeba blanketi."

* * *

Modesta alimsindikiza Kristian. Hakuomba ruhusa, wala hakuna aliyemkataza. Mzee Mathayo, ambaye naye aliwahi kuwa kijana, alitangulia mbele mpaka ukungu ukammeza.

"Kwa nini ulisema peke yako?" Modesta alimshika mkono wa koti. "Kwa nini, Kristian?"

"Ulitaka nisemeje? Nimwambie na binti yako alijua? Mzee ameshapoteza kazi yake, ameshapoteza jina lake. Nimpotezee na mtoto?"

"Hajapoteza kazi. Ameambiwa apumzike tu mpaka Jumatatu."

"Ndiyo, atarudi Jumatatu." Alisita kidogo. "Nimemwandikia meneja. Nimesema kosa ni langu, nimetia saini bila kupima. Mzee ataanza masomo upya, Lightness atamfundisha."

"Na wewe?"

"Mimi kufundisha basi. Wamesema kama nataka, kuna nafasi ya ufundi Mufindi."

"Mufindi!" Ilikuwa kama ametaja mwezini. "Na unaniambia sasa hivi, njiani? Ungeniambia lini, ukiwa ndani ya basi?"

"Sikutaka kukuongezea, mpenzi wangu. Una mengi."

Modesta aliuachia mkono wa koti. Kilichompanda hakikuwa kilio, ilikuwa hasira, tena hasira ya miezi.

"Unaona? Unaona ulivyo? Baba alisema kweli. Wewe unakaa na mambo moyoni unayapanga peke yako, huyu asiumie, yule asiaibike, halafu sisi tunakuja kuyakuta yameshaoza. Nani alikuambia mimi siwezi kubeba?"

"Na wewe je?" Kristian naye sauti ikapanda. "Nilikuomba neno moja. Neno moja, Modesta! Mimi ni mkwe, nimefungwa mdomo. Wewe ni mwanawe. Nani alikufunga?"

Walisimama wanatazamana, ukungu unapita katikati yao, na mbali chini kulisikika ng'ombe wa mtu analia kutaka majani. Machozi yakamtoka Modesta bila sauti.

"Alikuwa anatabasamu," alisema. "Kristian, ungemwona alivyokuwa anatabasamu."

Kristian akamvuta, akamkumbatia palepale njiani, kidevu chake juu ya kilemba cha Modesta. Alinuka grisi na sabuni ya kufulia. Walikaa hivyo kwa muda ambao watu wa kijijini wangeuita aibu.

"Mwambie kabla ya kesho," Modesta alisema kifuani mwake. "Twende wote. Turudi sasa hivi tumwambie sote tulijua. Atapiga kelele, yataisha."

"Hapana. Usimwambie. Nakuomba."

"Kesho atasimama mbele ya kanisa zima!"

"Najua." Kristian alimshika uso kwa mikono yake miwili, akamtazama kwa jinsi ambayo Modesta alikuja kuikumbuka siku nyingi baadaye, kama mtu anayehesabu vitu vyake kabla ya kufunga mzigo. "Baada ya Alhamisi, mzee wa watu asimame tena achekwe, Kidole Kimoja anamkataza mwanawe kuolewa. Hilo haliwezi kutokea."

"Litazuiwaje?"

"Nenda nyumbani, Modesta. Baridi."

Akageuka akaondoka. Laiti Modesta angemwita. Lakini alidhani kesho ipo.

* * *

Kulipopambazuka alimkuta baba yake kwenye matuta, anakata majani ya ng'ombe kama kila Jumapili kabla ya ibada. Umande ulikuwa umemlowesha mpaka magotini. Modesta hakuwa amepata hata lepe la usingizi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Baba, nilijua."

Mundu ukaendelea mara moja, mara mbili, kisha ukasimama.

"Kristian aliniambia wiki ya kwanza. Aliniomba nikwambie, nikaahidi. Kila jioni nilikusudia. Ukawa unarudi na furaha, baba, nikashindwa. Jana amedanganya kunificha mimi. Hata meneja amemwandikia kwamba kosa ni lake, na Jumatatu Lightness aanze kukufundisha upya. Kama ni kosa, ni langu mimi mwanao. Yeye alikuwa na sababu ya kunyamaza. Mimi sikuwa nayo."

Alisema yote kwa pumzi moja, akasubiri mundu utupwe, akasubiri kufukuzwa. Mzee Timotheo alikaa kwenye ukingo wa tuta, katika umande, mtu mzima na suruali yake ya kazi. Jogoo wa jirani akawika mara tatu.

"Nyumba nzima inanihurumia," alisema hatimaye, kwa Kishambaa, lugha aliyoiweka kwa mambo mazito. Kisha akauliza, "Unaikumbuka ile redio?"

"Naikumbuka."

"Betri nilikuwa nimeziweka kinyume kweli." Alikuwa anautazama mundu. "Usiku ule nilizigeuza, ikaimba. Sikumwambia mtu. Nikamwacha Mathayo apande huu mlima wiki mbili, na kijana anyenyekee, kwa kosa la kusema kweli ndani ya nyumba yangu. Kwa hiyo huyo Kristian mdomo wake nani aliufunga? Ni mimi. Halafu jana namuuliza kwa nini hakusema."

"Baba..."

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Huo wangu niliuficha uzeeni, mbaya zaidi." Akainuka, akaufunga mzigo wa majani. Uso wake ulikuwa umechoka, lakini ulikuwa umelainika mahali fulani karibu na mdomo. "Jumatatu nitakaa mbele ya huyo binti Lightness, na nikikosea anipige na rula akitaka. Na leo kanisani nitakaa. Umesikia? Sitasimama. Mwambie mama yako alirudishe lile blanketi sandukuni."

Modesta alitaka kumkumbatia, lakini baba yake hakuwa mtu wa kukumbatiwa, kwa hiyo aliubeba ule mzigo wa majani kichwani, mzito, maji yakimchuruzika shingoni, akapanda nao matuta anakimbia.

Alimpigia Kristian simu akiwa bado ana majani nyweleni. Haikupatikana. Akapiga tena anavaa. Haikupatikana. Mtandao wa huku mlimani, alijiambia, ukiamka na ukungu unalala nao. Tutaonana kanisani.

* * *

Kristian hakuwepo kanisani. Modesta alitazama benchi za wanaume mara nne. Mzee Mathayo alikuwepo, na kila Modesta alipomtazama aliinamisha kichwa kwenye kitabu chake. Kanisa lilikuwa limejaa kuliko Pasaka, maana habari kwamba Mzee Timotheo atasimama ilikuwa imeshafika mpaka Bungu mjini, na binadamu tunapenda ibada zenye jambo. Baba yake alikaa pembeni yake ndani ya suti yake ya kahawia, mikono juu ya magoti, ametulia.

Mchungaji akafungua daftari la matangazo.

"Matangazo ya ndoa. Tangazo la tatu na la mwisho: Valentino Mbaruku wa usharika huu na Secilia Kaniki wa Zirai. Mwenye pingamizi ajitokeze." Kimya. "Tangazo la kwanza: Justin Shekimweri na Marietha..." Modesta hakuyasikia yaliyobaki. Alisubiri jina lake, kwanza kwa furaha, kisha kwa mashaka, kisha mchungaji akafunga daftari na kusema tusimame kwa wimbo namba mia mbili na kumi.

Kabla hajamaliza namba, Mzee Timotheo alikuwa ameshasimama.

Kanisa zima likavuta pumzi. Huyo! Walijua. Nyuma kabisa mtu alinong'ona lile jina la langoni, na mwingine akacheka kwa pua.

"Mchungaji," alisema mzee. "Umeruka."

"Mzee Timotheo?"

"Umeruka tangazo la mwanangu. Kristian Singano na Modesta. Leo ni la tatu."

Mchungaji alivua miwani. Alimtazama mzee, akamtazama Modesta, na huruma iliyokuwa machoni mwake ilimwambia Modesta kila kitu kabla ya maneno. "Tuonane ofisini baada ya ibada, mzee wangu."

"Niambie hapa. Nimechoka kuambiwa mambo baadaye."

"Sikuruka, mzee. Bwana arusi mwenyewe alileta barua jana jioni, akaomba jina litolewe. Asubuhi hii amepanda basi la saa kumi na moja, anakwenda Mufindi." Mchungaji alisita, akashusha sauti, lakini kanisa lilikuwa kimya mno. "Ameandika kwamba hataki wewe upate taabu ya kusimama mbele za watu."

Mzee Timotheo alikuwa bado amesimama, peke yake, mbele za watu. Kisha akakaa polepole, mkono mmoja umeshika benchi la mbele, na suti yake ikaonekana kubwa kuliko yeye.

"Hakuniambia," alisema kwa sauti ambayo Modesta peke yake aliisikia. "Tena hakuniambia."

Modesta akauchukua mkono wake, ule wenye vidole vyeusi, akauweka mapajani mwake akaufunika kwa mikono yake yote miwili. Matarumbeta yakaanza. Watu wote wakasimama kuimba, isipokuwa wao wawili.